Mgeni na Mwenyeji Wake Baharini



Sisi wa Masisi na Walikale twawajua samaki wa mito na wa Ziwa Kivu. Bahari iko mbali nasi. Hata hivyo yafaa tusikie habari za samaki mmoja wa Unguja na Mafia, kwa kuwa Muumba, siku ile ya tano, hakumwumba kwa faida ya watu wa pwani peke yao.

Huko baharini iko miamba ya matumbawe, iliyojengwa na wanyama wadogo sana, kizazi juu ya kizazi. Mwambani hukaa mnyama laini, mfano wa ua lililochanua, mwenye mikono mingi myembamba ichomayo kuliko upupu. Samaki wadogo wakiigusa hufa, wakaliwa. Lakini yuko mmoja wa rangi ya machungwa, mwenye mstari mweupe mgongoni, ambaye wataalamu humwita kwa Kilatini Amphiprion akallopisos. Huyu hulala katikati ya mikono hiyo wala hadhuriki, maana ngozi yake ina ute umkingao. Wala haingii kwa kishindo: hugusa kidogo kidogo mpaka wazoeane. Mayai yake huyataga jiweni, karibu kabisa na mwenyeji, na dume ndiye mlinzi.

Je, hukaa bure? Hasha! Wako samaki bapa wapendao kuitafuna ile mikono. Mgeni huyu, ajapokuwa mdogo, huwarukia akawafukuza. Hata kinyesi chake humlisha mwenyeji. Na mvuvi mwovu atupapo baruti, mwamba huvunjika juu ya wote wawili.

Ndugu zangu, tangu Machi 1993, mauaji yalipoanza Ntoto katika Walikale yakaenea hata Masisi, nani kwetu hajakimbia, au hajapokea waliokimbia? Siku za kwanza twapokea vema. Taabu huja unga ukipungua. Ndipo twasikia, “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,” nayo yasemwa kwa sauti ya kufukuza. Methali ni ya haki. Lakini jembe pasipo shamba lina kazi gani? Wengine humlimisha mgeni mashamba yao mchana kutwa, kisha humlaumu kwamba hana chakula.

Nawe mgeni, teka maji, walinde watoto wa nyumba, mwuguze mzee wao.

Jioni hii, katika jumuiya zetu, tuulizane: shamba la nani limelala, na nani hana hata tuta moja la maharagwe?