Mche wa Mninga na Hatia Yetu



Hapa Kiberege twaulizana: miche ya mapori yetu ya miombo ikikosa kukua, hatia ni ya nani? Wengi hujibu, "Ni ya mataifa yenye viwanda, moshi wao umeitia dunia joto." Neno hili ni kweli, wala lisifichwe. Joto limezidi, na udongo hukauka upesi.

Lakini utazameni mche wa mninga. Shina lake hufa kila kiangazi kwa miaka mingi, huku mzizi ukinenepa chini, hata upate nguvu za kuinua mti. Moto wa Juni, nyasi zingali na unyevu, huudhuru kidogo. Moto wa Oktoba huweza kuuangamiza. Na kiangazi kikizidi ukali, moto nao huzidi. Basi, kiberiti kimo mkononi mwa nani?

Adamu alimtaja Hawa, Hawa akamtaja nyoka. Wala hakuna aliyepata haki kwa kumtaja mwenziwe. Kosa la aliye mbali halifuti langu, bali laniongezea wajibu. Maana aliyekwisha kujeruhiwa hastahimili pigo la pili. Tuwadai wakubwa haki, nasi tuuzuie moto wetu.