Nani Atangulie kwa Mganga?

Fikirini, wasomaji wapenzi, mama mmoja wa kijiji karibu na Kolwezi. Ameondoka alfajiri na mtoto wake mwenye jeraha mguuni, akafika wa kwanza mlangoni pa zahanati. Ghafula analetwa mchimbaji wa shaba aliyefukiwa na udongo, apumua kwa shida. Mwuguzi ampita mama, amchukua yule. Je, mama amedhulumiwa?

Hatari hiyo si ya kubuni: tarehe 27 Juni 2019 mgodi wa Kolwezi uliporomoka, ukaua wachimbaji zaidi ya 30.

Wengine watasema: Aliyetangulia kufika ana haki yake. Neno hili lina kweli ndani yake. Kisimani na sokoni zamu ni haki, maana anayengoja hapotezi ila wakati. Lakini kwa mtu akosaye pumzi, wakati ndio uhai wenyewe. Basi haki si kuwapa wote zamu moja, bali kuuhesabu uhai wa kila mmoja kuwa na thamani sawa.

Mwingine atauliza: Je, Bwana wetu hakusimama njiani kwa ajili ya mwanamke aliyeugua miaka 12, hali binti wa Yairo alikuwa kufani? Alisimama, kweli. Lakini yeye aliweza kumfufua binti. Mwuguzi hawezi, kwa hiyo hana ruhusa ya kukawia. Huko Blantyre, nchi ya Malawi, hospitali kuu ilianza mwaka 2001 kuwapima watoto mara wafikapo, wenye hatari watibiwe kwanza, vifo vikapungua.

Hata hivyo yako masharti matatu. Kwanza, hatari ndiyo imtangulize mtu, si fedha, wala cheo, wala undugu. Pili, apigaye kelele sana si lazima awe mgonjwa kuliko wote: mtoto aliyelegea, asiyeweza kunyonya, hulia kidogo, naye huenda yu karibu na kufa. Tatu, anayengoja asisahauliwe. Atazamwe tena na tena, kwani jeraha dogo la asubuhi laweza kuwa hatari jioni.

Basi mama yule hakudhulumiwa, akiwa hakusahauliwa. Sheria imngojeshayo leo ndiyo itakayomtanguliza mtoto wake siku atakapozidiwa. Nawe, siku utakapoombwa kuacha zamu yako, utajibu nini?