Sungura mwenye saa

"Mwalimu, sasa kama ana saa, mbona anachelewa?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa darasa la tano, wa dawati la nyuma karibu na dirisha. Tangu muhula uanze nilikuwa nikiisikia sauti yake wakati wa kuita mahudhurio tu. Siku ile niliwasomea mwanzo wa hadithi ya Alisi, mtoto aliyemwona sungura mweupe akipita mbio, akachomoa saa kwenye mfuko wa kizibao na kulalamika kwamba amechelewa. Darasa zima liligeuka kumtazama yule binti. Mimi sikuwa na jibu.

Mwenzake akadakia, "Saa haimwahishi mtu, miguu ndiyo inayowahi." Mwingine akasema sungura wa hadithi zetu ni mjanja, humchezea hata simba; huyu ni sungura gani anayetetemeka hivi? Kengele ikalia bado wanabishana. Nilifunga kitabu nikiwa nimeona jambo ambalo miaka yangu ya ubao na chaki imenionyesha mara chache: watoto wanafikiri kwa sauti, wala hakuna anayeogopa kukosea.

Kitabu chenyewe kilitokana na ombi la mtoto. Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church, Oxford, alikwenda kupiga makasia mtoni na rafiki yake pamoja na mabinti 3 wa mkuu wa chuo hicho. Njiani akawatungia hadithi papo kwa papo. Mmoja wao, Alice Liddell, aliyekuwa na miaka 10, akamwomba aiandike. Akaiandika kwa mkono wake, akamzawadia, na mwaka 1865 ikatoka kitabuni kwa jina lake la kalamu, Lewis Carroll. Katika Kiswahili hadithi hii ina umri wa kutosha. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilichapisha "Elisi Katika Nchi ya Ajabu", na mwaka 2015 ikatoka tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu".

Watoto wa Uingereza ya wakati ule walikaririshwa mashairi ya mawaidha. Mojawapo, la Isaac Watts, lilimsifu nyuki kwa bidii yake. Alisi anapojaribu kulighani shairi hilo, maneno yanampotea, na mahali pa nyuki anakaa mamba anayewakaribisha samaki wadogo kinywani mwake kwa tabasamu. Hata anapoporomoka ndani ya shimo la sungura, anataja latitudo na longitudo bila kujua ni vitu gani. Anayataja kwa kuwa ni maneno makubwa. Wanafunzi wangu walicheka mpaka wakashika mbavu, maana walimtambua. Nami nilimtambua. Nimefundisha watoto wanaotaja aina zote za maneno bila kukwama, lakini ukiwaomba sentensi moja iliyotoka vichwani mwao, wanainamisha macho.

Baba mmoja alinifuata shuleni. Baada ya salamu akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, huyo paka anayecheka wa hadithi yenu atamfaulisha mwanangu?" Ni swali la haki, kwa sababu mzazi anayedunduliza ada na sare anataka kuona matunda. Nikamwuliza, "Mzee wangu, bibi yako alikuwa akianzaje hadithi usiku?" Akatabasamu: "Paukwa!" Nikaitikia, "Pakawa!" Katika hadithi zile fisi alisema na sungura akasema, na hakuna aliyehofia kwamba watoto watakua waongo. Tulijifunza kusikiliza, kukumbuka, na kumwonea huruma asiyekuwa mwenzetu. Mtihani wowote unataka mtu aliyekwisha kujifunza hayo.

Tulipofika mwisho, kwenye kesi ya vitumbua vilivyoibwa, Malkia alitaka hukumu itolewe kwanza, na wazee wa baraza waamue baadaye kama mshitakiwa ana kosa. Alisi, mtoto kati ya wakubwa wote wale, akasimama akasema huo ni upuuzi. Darasa likanyamaza. Kisha mvulana mmoja akasema taratibu, "Ni kama majina ya kiranja. Tunaandikwa, tunaadhibiwa, halafu ndiyo tunaulizwa."

Mfukoni nilikuwa na karatasi ya wapiga kelele wa asubuhi ile, majina 7. Niliitoa, nikaiweka mezani, nikawaita mmoja mmoja na kuwauliza kilichotokea. Wawili walikuwa wakimwelekeza mwenzao namna ya kugawanya. Kama si Alisi, wangeadhibiwa kwa kosa la kusaidia. Tangu siku hiyo sijaadhibu mtoto kwa karatasi niliyoletewa na mtoto mwingine.

Tunawaambia watoto kuuliza si ujinga. Lakini darasani anayejibu anapigiwa makofi, na anayeuliza anaambiwa anapoteza muda. Hadithi ya ajabu inampa mtoto mahali ambapo mwalimu naye ni mgeni. Hakuna aliyewahi kufika nchi ya Alisi, kwa hiyo wa mbele na wa nyuma wanaingia sawasawa, na swali la yeyote lina uzito uleule.

Mwalimu mwenzangu, na wewe mzazi, kitabu kimoja kinatosha darasa zima iwapo yupo mmoja wa kukisoma kwa sauti. Tenga dakika 10 kwa siku. Usiwape zoezi baada yake, wala usiwaulize hadithi inatufundisha nini. Soma, kisha nyamaza kidogo, uutazame mkono wa dawati la nyuma. Ukinyanyuka, mpe nafasi aulize, na usikimbilie kumjibu.