Je, Ni Halali Kuachia Mshale?



Baada ya somo la Isaka na Esau (Mwanzo 27) vijana walituuliza swali ambalo hatukutaka kulijibu haraka: je, Mkristo anaweza kuwinda kwa upinde? Wengine walicheka, maana hapa Kigobe hakuna swala, kuna kuta za nyumba na jengo la Bunge. Lakini wengi wetu ni wajukuu wa wawindaji, na tunao ndugu wanaoishi kambini karibu na pori. Swali lao si la mchezo.

Tuanze na Neno. Maandiko hayamhukumu mwindaji kwa kuwa anawinda. Kuhusu Ishmaeli tunasoma kwamba Mungu hakumwacha kijana huyo, naye akawa hodari wa upinde (Mwanzo 21:20). Tena Walawi 17:13 inamwagiza aliyepata mnyama au ndege aimwage damu yake na kuifukia. Tazameni jambo hilo. Ruhusa imetolewa, lakini ina mpaka. Mwindaji yuko peke yake porini, hakuna kuhani anayemwona, na bado anapaswa kuinama na kufunika damu kwa udongo, kwa sababu uhai ule haukuwa mali yake.

Basi kosa linaingia wapi? Sisi tunaona linaweza kuingia hata kabla mshale haujaondoka. Mshale usio na sumu huua kwa kumtoa mnyama damu, kwa hiyo lazima ufike kwenye moyo au mapafu. Ukipiga tumbo au paja, mnyama hukimbia na kufa baada ya masaa mengi, pengine siku, mahali ambapo hakuna atakayemwona wala kumla. Anayesema "ngoja nijaribu, labda utampata" amekwisha kukubali mateso hayo. Katika Waamuzi 20:16 wanatajwa watu 700 wa Benyamini, wenye shoto, waliorusha mawe kwa kombeo bila kukosa. Neno la Kiebrania la kukosa shabaha ni la asili moja na neno la kutenda dhambi. Wahubiri hupenda kulitumia kama mfano. Kwa mwindaji si mfano tu.

Kwa hiyo mtu ajipime kwanza. Aweke shina la mgomba lililokatwa, achore juu yake duara la ukubwa wa sahani, apige akiwa karibu, kisha arudi nyuma hatua chache chache. Mahali ambapo mishale inaanza kutoka nje ya sahani, hapo ndipo mwisho wake, hata kama jirani yake anaweza zaidi. Tena asijipime kwa mshale wa kumi, mkono ukiwa umeshazoea. Ajipime kwa ule wa kwanza wa asubuhi, akiwa amechuchumaa, akiwa amechoka, maana mnyama hangoji wa pili. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, huwapa wavulana pinde ndogo wakiwa bado watoto kabisa, na mtoto anakua akipiga kila siku. Hata hivyo mtu mzima wao hunyemelea hadi awe karibu. Hawaoni aibu kusogea.

Wahadzabe, na Wawaata wa Kenya, walitumia pia sumu kwa wanyama wakubwa. Sumu huharakisha kifo, lakini haichagui. Ndiyo maana wawindaji hufunga sehemu yenye sumu kwa ngozi mpaka saa ya kupiga. Mshale wa namna hiyo ukipotea majanini, mtoto anayeokota kuni anaweza kuukanyaga.

Hapo tunafika kwa jirani. Ahabu alikufa kwa mshale wa askari aliyepiga bila kujua anampiga nani (1 Wafalme 22:34). Mshale haujui mfalme wala mtoto. Anayelenga na aangalie kilicho nyuma ya mnyama, asipige juu angani, asipige kichaka kwa sababu kimetikisika, na akague ubua wa mshale kama una ufa, maana ukivunjika wakati wa kuachia unaweza kumchoma mkono yeye mwenyewe. Hata Yonathani, tunayempenda sana, alipiga mshale ukampita kijana wake aliyekuwa akikimbia mbele (1 Samweli 20:36). Alikuwa na sababu ya kumwokoa Daudi. Vijana wetu hawana sababu hiyo.

Sasa jambo zito. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya kambi za wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Nyama ya pori ilikuwa imepewa jina la "spinachi ya usiku", kwa kuwa iliuzwa na kupikwa gizani. Ripoti ile haikusema wakimbizi ni watu wabaya. Ilisema mgao wa chakula haukuwa na nyama, na watu waliozoea nyama waliitafuta. Je, baba aliyewinda hifadhini ili watoto wale ni mwizi? Mithali 6:30-31 inasema watu hawamdharau mwenye njaa akiiba, lakini akikamatwa analipa. Tunayashika yote mawili. Hatumwiti mwenzetu mhalifu mbele ya sufuria yake tupu. Lakini mgeni akikamatwa porini halipi peke yake; kambi nzima hutiwa jina baya, na wenyeji waliotupokea hukosa imani. Hapa Burundi pia maeneo ya hifadhi yana sheria yake ya mwaka 2011. Kwa hiyo tunasema: asiingie.

Kijana mmoja alitukumbusha Wabatwa wa Kahuzi-Biega, waliotolewa msituni baada ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa 1975, bila fidia. Kwao msitu ulikuwa nyumba. Jibu letu la hapo juu haliwatoshi, na hatutalilazimisha. Mgeni anayeingia hifadhini na mwenyeji aliyefukuzwa humo hawasimami mahali pamoja.

Mama mmoja naye aliuliza kwa nini tuwaache vijana washike upinde kabisa, wakati wengi wetu tumeona mishale ikielekezwa kwa watu. Ana haki ya kuuliza. Tunamjibu kwamba anayefundishwa kushusha upinde asipokuwa na hakika amejifunza jambo ambalo waliotukimbiza hawakulijua. Kama bado hatulii moyoni, mwanawe asilazimishwe.

Kuhusu nyama, sungura jike akipandwa huzaa baada ya mwezi mmoja hivi, na kibanda cha mbao kinatosha. Jamaa zinazotaka kuanza zimwone shemasi baada ya ibada ya Jumapili.