Soma Maji, Kisha Ruka

Unguja hatuna mlima. Masingini, palipo juu kabisa kisiwani, hapafiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Tulicho nacho ni ukuta wa Forodhani, kando ya bahari, na ukuta huo unatosha kumfunza mtu ujasiri.

Nenda alasiri maji yakiwa yamejaa. Vijana wa makachu, warukao baharini kwa sarakasi, wamejipanga, huyu miguu mitupu, yule na raba zilizolowa chapachapa. Mmoja anarudi nyuma hatua kadhaa, watu wanampisha. Anapiga mbio. Mguu wa mwisho unakanyaga ukingo wa ukuta, mwili unajikunja hewani, anapiga pindu, kisha chubwi! Wageni wameinua simu, wenyeji wanashangilia. Povu halijatulia, kichwa kishaibuka, na mwenzake kishaanza kukimbia.

Wengi huishia kuona pindu. Mimi nakuomba utazame kilichotangulia. Kabla ya mbio, macho ya kijana yule yalikuwa majini. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Pale panapompokea alasiri, saa sita baadaye panaweza kumvunja shingo. Yeye analijua hilo. Haruki eti kwa sababu haogopi. Anaruka kwa sababu ameshayasoma maji.

Kwingine hofu hununuliwa: huko Florida, Marekani, watu hulipa pesa nyingi ili waogopeshwe. Ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya wanyama na michezo, kumejengwa mlima wa bandia wenye urefu wa karibu mita 60. Treni yake ya mchezo, Expedition Everest, ilifunguliwa mwaka 2006. Inapanda, inapanda, halafu juu kabisa abiria wanaiona reli mbele yao imeng'olewa na kupindwa. Treni inasimama. Muda huo wa kusimama, reli za nyuma yao zinageuzwa bila wao kujua. Treni inaanza kurudi kinyumenyume gizani, lakini hairudi ilikotoka: inashika njia nyingine, na kwa njia hiyo safari inaendelea mpaka mwisho.

Mchezo ule una somo kwa kila aliyekuta reli imekatika. Wewe uliyefeli mtihani, wewe ambaye mkataba wako wa hotelini haukuongezwa msimu ulipoisha, wewe ambaye duka lako lilifunga milango: kurudi nyuma si lazima kuwe kurudi ulikotoka. Hata kijana wa makachu hurudi nyuma kwanza ndipo apate kasi.

Ila tusijidanganye. Abiria wa Florida amefungwa kizuizi kitini, na wahandisi walishampimia kila kona kabla hajapanda. Sisi hakuna aliyetutandikia reli. Kupima ni kazi yetu wenyewe, na kuruka ni kazi yetu wenyewe.

Kama unadhani haya ni mambo ya vijana wa kiume tu, vuka kisiwa uende Paje. Siku ileile ya bamvua ambayo Forodhani itajaa alasiri, asubuhi yake Paje maji yamekupwa, na kina mama wako kwenye mashamba yao ya mwani, wameinama juu ya kamba na vigingi vyao. Maji mafupi ambayo ni hatari kwa mruka makachu, kwao ndiyo riziki. Kila kazi ina maji yake.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara hapo Paje na jirani zake mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Bahari ilipozidi kupata joto, kotonii, mwani wenye bei nzuri, ulianza kufa kwenye maji mafupi. Reli ilikatika. Wangeweza kukaa barazani na kulia na bahari. Lakini wapo waliojifunza kuogelea ukubwani ili waufuate mwani kwenye kina kirefu, na wapo waliousaga wakatengeneza sabuni, wakauza kwa bei ambayo mwani mkavu haukuwahi kuwapa. Mwanamke aliyelelewa akiambiwa bahari ya kina si mahali pake, akaingia: huo ni mruko mkubwa kuliko pindu lolote la Forodhani.

Basi sikwambii ukajitupe ovyo baharini, wala maishani. Nakwambia upime. Unataka kuanza kushona kwa cherehani yako mwenyewe? Jua kitambaa unanunua wapi na nani atakulipa. Unataka kuongoza watalii? Anza leo na lugha moja, uijue mpaka uote ndoto kwa lugha hiyo. Unataka kurudia mtihani? Tafuta somo lililokuangusha, ulianze hilo kabla ya mengine. Ukishapima, usiendelee kupima mpaka maji yakapwa. Wapo wengi mno barazani wanaoyajua maji vizuri kuliko wote, na hawajawahi kulowa.

Na kama yamekupita, sikiliza: bahari haina kinyongo. Yakipwa sasa, baada ya saa sita hivi yatakuwa yamejaa tena. Aliyekosa bamvua hili atalipata lijalo baada ya wiki mbili. Kinachotakiwa ni likukute uko tayari, umefanya mazoezi, umejua pa kukanyaga.

Hofu itakuwepo. Iache iwepo, haikuzuii kukimbia. Wahenga walishasema, ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Wewe nguo ulishazivua siku ile ulipoamua kuwa maisha haya hayakutoshi. Yatazame maji yako leo, rudi hatua zako nyuma, kisha ukimbie, ndugu yangu, ukimbie kwa nguvu zako zote, na uruke!