Mgeni Alipaye

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi huko milima ya Usambara mgeni huja shambani kwa hiari yake, hutaka kuonyeshwa jembe siku ya kwanza, na kwa hayo hulipa. Ukipanda kutoka Mombo, ukapita Soni mpaka Lushoto, utasikia habari za shamba la Irente, ambako wageni hulala, na asubuhi hupewa mkate, jibini na jamu za hapo hapo. Wako na wakulima wadogo wanaopokea wageni kwa njia hiyo: chumba kimoja au viwili, kitanda safi, na chamshakinywa cha mazao ya nyumbani.

Je, ni halali kumtoza mgeni? Kukodisha chumba ni ijara, na ijara ni halali maadamu ujira na muda vimejulikana. (Ulevi ndani ya nyumba ya Mwislamu siuelezi, hukumu yake kila mtu anaijua.) Taabu haiko kwa mgeni alipaye. Taabu iko kwa yule mwingine.

Katika Hadithi ya Abu Shureih, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameamrisha mgeni akirimiwe, akaweka ugeni kuwa siku tatu na yanayozidi kuwa sadaka, tena akamkataza mgeni asikae hata akamtia mwenyeji dhikini. Na katika Suratul Kahf, Nabii Musa na mwenzake waliomba chakula katika mji, wakanyimwa. Kisha mwenzake akausimamisha ukuta wao bila ya ujira, na Musa akamwambia angetaka angeuchukua. Ujira wenyewe haukuitwa haramu. Aibu iliwabakia watu wa mji.

Mwaka juzi nilifika usiku, mvua inanyesha, kwa kijana niliyemsomesha zamani, mwenye shamba mbele ya Lushoto. Alikuwa na vyumba viwili vya wageni, vimetandikwa, vitupu. Akaniambia kwa haya, "Maalim, hivi vimekwisha lipiwa, wenyewe wanakuja alfajiri." Akanipa kitanda chake, yeye na mkewe wakalala chini pamoja na watoto.

Sitakuficha, nilikereka. Nililala nikijisemea kwamba Mzungu ambaye hajafika amepewa heshima kuniliko mimi niliyemfundisha alifu na be. Lakini nilipoamka kusali niliona kosa ni langu. Chumba kilicholipiwa ni haki ya aliyelipa, na mtu hakirimu kwa mali iliyo haki ya mwingine. Kijana alinikirimu kwa kilicho chake, mgongo wake mwenyewe juu ya jamvi. Ningelala chumbani mle, ukarimu ungekuwa wa nani?

Asubuhi nilimpa fedha, akazikataa. Tukinywa chai nikamwuliza, "Na siku ambayo vyumba ni vitupu na hapana aliyelipa, akabisha hodi msafiri usiyemjua, hana kitu?"

Akakaa kimya, akageuza kikombe. Mkewe ndiye aliyejibu kutoka jikoni, "Shuka ni za kufua, Maalim, na sabuni ni ghali."

"Hilo halijatufika," akasema mumewe.

Nikamwambia litafika, kwani njia ya Mtae inapita mlangoni pake.