Maji Tusiyoyafika

Tarehe 15 Septemba 2017 chombo kiitwacho Cassini, kilichokuwa kimeizunguka sayari ya Zohali kwa muda wa miaka 13, kiliingizwa makusudi katika hewa nzito ya sayari hiyo, kikawaka na kuteketea. Hakikupotea njia, wala hakikupigwa na jiwe. Waliokiteketeza ni wale wale waliokituma. Miaka 14 kabla yake, tarehe 21 Septemba 2003, chombo kingine kiitwacho Galileo kilikuwa kimeangamizwa vivyo hivyo katika sayari ya Mshtarii. Wasomaji wetu watauliza: watu wenye akili zao wawezaje kuiharibu kazi ya mikono yao wenyewe? Jibu lake lastahili kufikiriwa, maana limefungamana na swali la maadili linalotuhusu sote, hata sisi tusio na darubini wala chombo cha kuruka angani.

Kwanza yafaa tuyaeleze mambo yenyewe. Mshtarii na Zohali si sayari kama dunia yetu. Hazina nchi kavu ya kukanyaga, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni gesi. Lakini uzito wa Mshtarii ni sawa na wa dunia zetu 318, na wa Zohali ni sawa na wa dunia 95. Zohali imezungukwa na pete, nazo pete hizo ni vipande vya barafu visivyohesabika, vingine vidogo kama chembe za mchanga, vingine vikubwa kama nyumba. Tena ina miezi mingi: hesabu iliyokubaliwa mwaka 2025 ilifika 274.

Mmojawapo wa miezi hiyo ni Enceladus. Ni mdogo sana. Upana wake ni kama kilometa 500, yaani karibu sawa na safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Iringa. Uso wake wote ni barafu. Lakini mwaka 2005 Cassini iliona mvuke na chembe za barafu zikiruka juu kwa nguvu kutoka katika nyufa zilizo karibu na ncha yake ya kusini. Baadaye wataalamu walitambua kwamba chini ya barafu ile iko bahari ya maji ya chumvi. Mwaka 2017 walitangaza kwamba ndani ya mvuke ule mna haidrojeni, na mwaka 2023 kwamba katika chembe zile mna fosforasi. Vitu hivyo viwili hapa kwetu ni msaada mkubwa kwa uhai. Europa nao, mmoja wa miezi ya Mshtarii, una dalili zenye nguvu za bahari iliyofunikwa na barafu. Je, katika maji hayo kuna kiumbe chochote kilicho hai? Hakuna mtu ajuaye. Wahenga wetu walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Sasa sababu ya kuviteketeza vyombo vile yaonekana wazi. Vyombo hivyo vilitoka duniani, navyo havikuwa vimesafishwa hata visibaki na kijidudu kimoja. Baadhi ya bakteria huweza kujifunga kama mbegu, zikalala miaka mingi pasipo maji, kisha zikaamka. Mafuta ya kuviongoza vyombo yalikuwa yakiisha. Vikiachwa vitangetange bila mwongozaji, vingeweza siku moja kuanguka juu ya Europa au Enceladus na kuyatia maji yale vijidudu vya kwetu. Tena mkataba wa mataifa wa mwaka 1967 juu ya matumizi ya anga wayaagiza mataifa yasichafue ulimwengu mwingine kwa kuuleta madhara. Basi wakubwa wa kazi ile wakachagua kuviteketeza.

Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Je, mtu aweza kuwa na wajibu kuhusu mahali ambapo hapana mtu, wala hapakuwa naye tangu kuumbwa kwa ulimwengu?

Wengine watajibu kwamba wajibu ule ni wa kielimu tu: ukiyachafua maji leo, kesho hutajua kama ulichokikuta ndani yake ni cha huko au ni cha kwenu. Jibu hilo ni la kweli, wala hatulidharau. Lakini halitoshi, kwa sababu laupima uumbaji wote kwa faida ya mtu peke yake. Imani yetu yaenda mbali zaidi. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu amhoji yule mtu mwenye mateso, akimkumbusha kwamba mvua yanyesha hata jangwani pasipokaa mtu yeyote. Mvua hiyo haimwoteshei mtu mahindi, lakini Mungu huinyesha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba Mungu aliumba vitu vingi vya namna nyingi kwa sababu wema wake hauwezi kuonyeshwa kikamilifu na kiumbe kimoja. Kile asichoweza kukionyesha huyu, chaonyeshwa na yule. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, alitukumbusha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kabla hatujauliza kitatufaa nini.

Hatusemi kwamba kijidudu ni sawa na mtu. Mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, na kama uhai wa mtoto mmoja ungalitegemea chombo kile kianguke Enceladus, tusingalisita kukiangusha. Wala hatusemi kwamba kila kilichoko angani ni mwiko kuguswa. Kati ya Mirihi na Mshtarii yamo mawe mengi yaitwayo asteroidi. Lile lililo kubwa kuliko yote, Ceres, liligunduliwa na padre, Giuseppe Piazzi, huko Palermo usiku wa tarehe 1 Januari 1801. Mengine yana chuma na madini, na mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria ya kuwaruhusu raia wake kumiliki mali watakayoichimba huko. Jiwe kavu lisilo na uhai laweza kutumika kwa haki, mradi mali yake isiwe ya wenye nguvu peke yao, kama yalivyokuwa madini mengi ya Afrika. Mungu alimpa mtu mamlaka juu ya viumbe. Lakini mwenye mamlaka ya haki hutazama kwanza, ndipo aguse.

Na asipoweza kuona, afanyeje? Vitabu vya maadili vina mfano wa zamani. Mwindaji yuko porini jioni, akaona kichaka kinatikisika. Huenda ni swala, huenda ni mtu aokotaye kuni. Hawezi kusema, “Sijui, basi napiga.” Kutokujua kwake hakumpi ruhusa, ndiko hasa kunakomfunga mkono. Kadiri kilicho hatarini kinavyozidi kuwa na thamani, ndivyo shaka inavyozidi kutufunga. Watu wa Cassini waliifuata kanuni hiyo kwa ajili ya kiumbe kidogo mno ambacho labda hakipo kabisa.

Yupo atakayesema: “Hawakupoteza kitu. Chombo kilikuwa kimekwisha kazi na mafuta.” Ni kweli kilikuwa kimezeeka, na hata katika safari yake ya mwisho kilituma habari mpya za sayari ile. Lakini hoja hiyo haitupunguzii somo, bali yatuongezea. Kukitunza chombo kinachokupa faida si kazi ngumu. Dhamiri ya mtu hupimwa kwa jinsi anavyokitupa kile kisichomfaa tena. Aliyekwisha kuvuna, kuchimba au kuvua, akaondoka, ameacha nini nyuma yake?

Hapa tuzishushe fikira zetu kutoka Zohali hadi nyumbani. Wako wachimbaji wa dhahabu wanaoiacha zebaki itiririke kijitoni, kwa kuwa wao wenyewe hawanywi maji ya huko chini. Wako wavuvi waliotupa baruti baharini, wakaokota samaki wachache na kuacha matumbawe yamevunjika. Wako wakulima wanaotupa makopo ya dawa ya kuulia wadudu kando ya kisima. Ukiwauliza, wengi hujibu, “Sikujua kama kuna madhara.” Lakini huko chini ya kijito hatuhitaji darubini kujua kama kuna uhai. Kuna watu, nao wana majina.

Twakumbuka pia kichaka kingine kinachotikisika, kilicho karibu nasi kuliko vyote. Siku hizi twasikia wasemao kwamba mtoto angali mdogo mno tumboni, kwa hiyo haijulikani kama ni mtu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alijibu katika waraka wake wa mwaka 1995 juu ya uhai wa binadamu: hata ingalikuwa ni uwezekano tu kwamba huyo ni mtu, uwezekano huo watosha kukataza kumwua. Ni ajabu ya nyakati zetu kwamba wanadamu waweza kuchoma chombo cha gharama kubwa kwa ajili ya shaka juu ya kijidudu, na kizazi hicho hicho kikaona shaka juu ya mtoto kuwa ni ruhusa. Hatuandiki haya ili kuwahukumu kina mama walio katika dhiki. Wengi wao waliachwa peke yao na waliopaswa kuwasaidia. Twaandika ili kanuni iwe moja, mbinguni na duniani.

Mwezi Aprili 2023 na mwezi Oktoba 2024 vyombo vipya viwili, Juice na Europa Clipper, vilirushwa kwenda kuichunguza miezi ya Mshtarii, navyo vyatazamiwa kufika kuanzia mwaka 2030. Watoto wetu huenda wakasikia habari zake shuleni. Enyi wazazi, msiiogope elimu hiyo. Mwenye kuuchunguza uumbaji kwa unyofu hampotezi Muumba. Mwonyesheni mtoto Mshtarii ing’aapo usiku, maana yaonekana kwa macho matupu, mkamweleze habari za maji yale ambayo hakuna ayajuaye na ya watu walioogopa kuyachafua. Na asubuhi, mkienda naye shambani, mfundisheni asilioshe mtoni bomba la kupulizia dawa.